Mfuko wa Kwenye Msumari

Masika ameandika kutoka Torino,
anakoosha wazee wa watu na kuwakata kucha:
Siku nane, nalipa mimi. Mji mmoja tu.
Napoli au Venisi? Jibu kabla ya Ijumaa,
bei ya tiketi haimngoji mtu.

Nami miaka ishirini na tisa nimeifundisha Italia
kwa fimbo ya mwanzi, kwenye ramani iliyotoboka
hapo hapo penye Roma.
Ni buti, niliwaambia watoto wa Majengo,
wengine wao peku,
buti linalopiga jiwe kuelekea Afrika.
Ramani iliungua Januari ile, pamoja na darasa.
Sikuililia. Nililia daftari la majina.

Sikuli anataka Venisi.
Yeye ni fundi, amejenga nusu ya kuta za Himbi
kwa makoro, mawe yaliyokuwa uji wa moto
kabla hayajawa jiko la mtu.
"Nyumba juu ya nguzo za miti, ndani ya maji,
miaka mia na mia nyingine!
Na msingi wangu wa kwa Kambere
ulipasuka kabla hajaweka mlango.
Nitapiga magoti kwenye boti, nichungulie chini."

Mimi nilitaka Napoli.
Si kwa chakula, ingawa nasikia wanakula.
Kuna mlima pale, nyuma ya nguo zilizoanikwa,
nao wanalala chini yake, wanazaa, wanadaiwa kodi.
Nilitaka nimkute mwanamke mmoja wa rika langu,
hata kama lugha zetu hazijuani,
nimwoneshe kwa kidole: ule wako. Mimi nina wangu.
Kisha nimuulize,
wewe mfukoni unaweka nini?

Kwetu mfuko unaning'inia nyuma ya mlango:
vyeti vya watoto, tochi, chumvi,
hati ya kiwanja, nguo za ndani za watu watano
ambao siku hizi ni wawili.
Usiku mbingu ikizidi wekundu
mkono wangu unaushika kabla sijaamka.
Umefika Sake mara moja, kwa miguu.
Gisenyi mara mbili.
Haujawahi kwenda mahali kwa sababu panapendeza.

"Basi ndiyo hiyo," Sikuli akasema
akichambua sambaza, vichwa huku, miili huku.
"Likizo gani ya kumkimbia jirani
ukafikie kwa ndugu yake?"
Nikamwambia Venisi nayo inazama, nimesoma.
"Inazama polepole. Hiyo ni adabu.
Inakupa muda wa kuosha vyombo."

Nilicheka, nikakasirika kwamba nimecheka.
Umeme ukakatika. Simu ilibaki na asilimia sita.
Nje chukudu ilishuka na magunia ya makaa,
raba ya breki ikilalamika,
na juu, nyuma ya bati la jirani,
mlima wetu ulikuwa umewasha taa yake
ambayo haina bili.
Niliutazama muda mrefu kuliko nilivyokusudia.
Macho yangu yamejaa mmoja. Wa pili
ningeuweka wapi?

Nikaandika: Venisi.
Halafu, kwa asilimia tatu:
Ila siku moja, asubuhi tu, hatuwezi kupitia Napoli?
Masika akajibu:
Mwalimu, umeshawahi kuitazama ramani?
Simu ikazima nikiwa natafuta la kumrudishia.

Nikautungua mfuko gizani,
nikaumwaga kitandani, Sikuli akamulika kwa tochi yake yenyewe.
Hati nikaitia chini ya godoro.
Chumvi nikaiacha humo, sijui kwa nini.
Kisha kitenge changu cha sikukuu, shati lake jeupe,
kimoja kimoja, ncha kwa ncha.
Miaka yote hiyo
sikuwahi kuingiza humo nguo iliyokunjwa.

Msumari ukabaki mtupu.
Sikuli akautikisa kwa vidole viwili,
kama anavyofanya kwenye nyumba za watu.
"Umeshika," akasema.